Je, "husband" ni mkanda unaoifunga nyumba?

Msomaji mmoja wa Iringa, anayefundisha semina za wachumba kanisani kwao, ametuletea swali lenye matawi kadhaa. Amekuwa akitumia kijitabu kinachosema kwamba neno la Kiingereza "husband" ni muungano wa "house" na "band", yaani mume ni mkanda unaoishika nyumba isisambaratike, na kwamba "wife" limetokana na kazi ya kufuma nguo. Mwalimu mwenzake amemwambia kuwa asili ya neno hilo ni Kijerumani, kwa kuwa Wajerumani nao husema "Haus" na "Band". Msomaji anauliza kama maelezo hayo ni ya kweli, neno limetoka wapi hasa, na, ikiwa sehemu yake ya kwanza ni "house" kweli, kwa nini halitamkwi hivyo.

Ndugu msomaji, kijitabu chako kimepatia nusu ya kwanza ya neno na kukosea nusu ya pili. "Husband" ni neno ambatani, na sehemu yake ya kwanza ni nyumba kama ulivyoambiwa. Sehemu ya pili, hata hivyo, si mkanda wala kamba wala kifungo cha aina yoyote, ni mtu. Ni mkaaji mwenye makazi yake, mtu huru anayeishi juu ya shamba lake na kuliendesha. Neno zima halikutoka Ujerumani, bali lilivuka Bahari ya Kaskazini kutoka Skandinavia pamoja na Wavikingi waliohamia Uingereza, na lilipoingia katika Kiingereza lilikuwa neno la mali na makazi kabla ya kuwa neno la ndoa. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka ulishike zaidi, kwa sababu historia yake yote inafunguka kutoka hapo.

Tuondoe kwanza mkanganyiko wa Kijerumani, maana ni wa kawaida sana. Kijerumani ni lugha moja, ilhali Kigermaniki ni jina la ukoo mzima wa lugha, kama Kibantu kilivyo jina la ukoo ambamo Kiswahili, Kihehe, Kikikuyu na Kizulu ni ndugu. Hakuna anayesema kwamba neno "mtu" la Kiswahili limetoka Afrika Kusini kwa sababu Wazulu nao husema "umuntu". Maneno hayo mawili yamerithiwa kutoka kwa mzazi mmoja. Vivyo hivyo "house" la Kiingereza, "Haus" la Kijerumani, "huis" la Kiholanzi, "hus" la Kidenmark na Kiswidi, na "hús" la Kiiceland ni ndugu wa tumbo moja, na hakuna aliyemzaa mwenzake. Wajerumani wenyewe hawana neno linalolingana na "husband" kwa maana ya mume: wao husema "Mann", yaani mwanamume, au "Ehemann", yaani mwanamume wa ndoa. Neno lako, basi, ni la Kigermaniki kwa damu yake yote, lakini limepitia tawi la kaskazini la ukoo huo, tawi la Kinorsi cha Kale, lugha iliyozungumzwa na Wavikingi na jamaa zao wa Denmark, Norwe na Uswidi.

Katika Kinorsi cha Kale neno lilikuwa "húsbóndi". Sehemu ya kwanza, "hús", ni nyumba, na haihitaji maelezo marefu. Sehemu ya pili ndiyo yenye utamu. "Bóndi" ni ufupisho wa umbo la zamani zaidi, "búandi", ambalo limeundwa kutokana na kitenzi "búa", chenye maana ya kukaa mahali, kuwa na makazi, kuendesha shamba na nyumba. Kipande "-nd-" unachokiona mwishoni ni alama ya kale ya Kigermaniki inayomtaja mtu kwa jambo analolitenda, kwa hiyo "búandi" ni anayekaa, mkaaji, mkazi. Ukitaka kuona kwamba hili si jambo la kubuni, tazama maneno mawili ya Kiingereza unayoyajua vizuri. "Friend" katika Kiingereza cha Kale lilikuwa "frēond", na maana yake ya asili ni "apendaye". "Fiend", ambalo leo ni jina la shetani au mtu katili, lilikuwa "fēond", yaani "achukiaye", kwa maana ya adui. Herufi "nd" zinazomaliza "friend", zinazomaliza "fiend" na zinazomaliza "husband" ni kiambishi kilekile kimoja. Watu wengi hushangaa kusikia kwamba rafiki, adui na mume wanagawana mkia mmoja, lakini sarufi haina upendeleo.

Sasa tuupime ule mkanda. Wavikingi walikuwa na neno la mkanda na kifungo pia, nalo lilikuwa "band", ambalo wingi wake ni "bönd". Wingi wa "bóndi" ulikuwa "bændr". Haya ni maneno mawili tofauti, yenye irabu tofauti katika umoja na wingi, ya ngeli tofauti kabisa: moja ni jina la kitu, jingine ni jina la mtu. Yalisemwa na watu walewale, katika vijiji vilevile, wala hayakuchanganywa. Lililochanganya mambo ni Kiingereza. Katika karne zilizofuata neno liliandikwa "husbonde", "housbonde" na kwa namna nyingine kadhaa. Silabi ya mwisho, kwa kuwa haikuwa na mkazo, ilififia, na hatimaye ikafanana kwa sauti na "band" la kufungia. Lugha ilikuwa imekwisha kumsahau "bóndi" kama neno linalojitegemea lenye maana yake ya heshima, na msikilizaji akaokota maana iliyokuwa karibu.

Kijitabu chako, kwa hakika, kina wazee waliokitangulia. Katika karne ya 16 alikuwapo Mwingereza aitwaye Thomas Tusser, mkulima na mtunzi wa mashairi ya kilimo, ambaye katika toleo la mwaka 1573 la mashairi yake aliuliza jina la "husband" lina maana gani, akajijibu mwenyewe kwamba ni kifungo na nguzo ya mke na ya nyumba nzima. Kwa hiyo maelezo ya mkanda yamekuwa yakizunguka kwa zaidi ya miaka 400, na sioni ajabu kwamba yamefika Iringa. Wanaisimu huyaita maelezo ya namna hiyo etimolojia ya mitaani: watu wanaona sehemu ya neno isiyoeleweka, wanaipa maana kutokana na neno lingine linalofanana nalo, kisha wanajenga fundisho juu yake. Wakati mwingine etimolojia ya mitaani ina nguvu ya kubadilisha neno lenyewe. Bwana harusi kwa Kiingereza cha Kale aliitwa "brȳdguma", yaani mwanamume wa bibi harusi. "Guma", mwanamume, ni ndugu wa mbali wa neno la Kilatini "homo". Neno hilo lilipokufa, Waingereza wa karne ya 16 wakaweka mahali pake "groom", lililokuwa na maana ya kijana mtumishi, na ndiyo maana leo wanasema "bridegroom". Kwa "husband" mambo hayakufika mbali kiasi hicho. Umbo la neno limebaki, ila maelezo yake ndiyo yaliyopotoka.

Umeuliza kwa nini basi halitamkwi "hauzband". Hili lina jibu safi, na mimi hulipenda kwa sababu linaonyesha jinsi neno ambatani linavyoweza kuhifadhi sauti ya kale ambayo neno lenyewe, likiwa peke yake, limekwisha kuipoteza. Nyumba katika Kiingereza cha Kale ilikuwa "hūs", yenye irabu ndefu, yaani ilitamkwa "huus". Kuanzia karne ya 15 hivi, irabu ndefu za Kiingereza zilihama kwa pamoja katika mageuko makubwa ya matamshi, na "uu" ikawa "au". Ndipo "huus" ikawa "haus". Lakini kabla ya mageuko hayo kulikuwa na kanuni nyingine: irabu ndefu iliyofuatwa na konsonanti mbili ilifupishwa. Katika "husbonde" irabu inafuatwa na "s" na "b", kwa hiyo ilifupishwa mapema, na mageuko ya irabu ndefu yalipokuja hayakuigusa, kwa kuwa haikuwa ndefu tena. Ndiyo sababu "goose" ina "gosling", "sheep" ina "shepherd", na "wise" ina "wisdom": kila mara neno refu lina irabu fupi na neno fupi lina irabu iliyohama. Anayejua kanuni hiyo moja huacha kuulaumu ulegevu wa Kiingereza katika maneno hayo.

Tuje kwenye safari ya neno. Mwaka 865 jeshi kubwa la Wavikingi lilitua mashariki ya Uingereza, na mwaka uliofuata likauteka mji wa York. Kwa miaka kadhaa lilikuwa jeshi la kupora na kuondoka. Lakini katika tarehe za mwaka 876 waandishi wa Kumbukumbu za Waanglo-Saksoni, yaani vitabu vya matukio vilivyoandikwa mwaka baada ya mwaka, waliandika habari fupi yenye uzito mkubwa: kiongozi wa Wavikingi aitwaye Halfdan aliigawa ardhi ya Northumbria, kaskazini ya Uingereza, na watu wake wakaanza kulima na kujitafutia riziki. Waliokuwa askari wakawa "bændr". Miaka miwili baadaye Alfred, mfalme wa Wessex upande wa kusini, alimshinda Guthrum, kiongozi mwingine wa Wavikingi, katika vita vya Edington, na watu wa Guthrum nao wakapata makazi yao ya kudumu upande wa mashariki. Sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki ya Uingereza ikawa nchi yenye sheria na desturi za Kidenmark.

Wakulima hao waliacha nyayo zao kwenye ramani. Majina ya miji kama Derby, Whitby, Selby na Grimsby yanamalizikia "-by", ambalo katika Kinorsi lilikuwa na maana ya shamba lenye makazi au kijiji, nalo limetokana na kitenzi kilekile "búa" kilichomzaa "bóndi". Waliacha nyayo pia katika lugha, na inafaa utambue ni nyayo za aina gani. Mshindi anayetawala kwa mbali huacha maneno ya kodi na ikulu. Jirani unayepakana naye shamba huacha maneno ya nyumbani. Neno "law", sheria, ni la Kinorsi. "Window" ni "vindauga", neno ambatani lenye maana ya jicho la upepo. "Fellow" ni "félagi", mtu anayeweka mali yake pamoja na yako, yaani mbia. "Hustings", linalotumika hadi leo kwa mikutano ya kampeni za uchaguzi, ni "húsþing", baraza la nyumba, nalo limebeba "hús" ileile iliyofupishwa kama ya "husband". Hata viwakilishi "they", "them" na "their" vimetoka huko, jambo lisilo la kawaida katika lugha yoyote, kwa kuwa viwakilishi havikopwi ovyo.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote kuhusu "husband" unatoka mjini Dover. Mwaka 1051 Eustace, bwana wa Boulogne huko Ufaransa na shemeji wa mfalme Edward, alipita Dover na watu wake, nao wakataka kulala kwa nguvu katika nyumba za wenyeji. Nakala mojawapo ya zile Kumbukumbu inasimulia kwamba mmoja wao alitaka kulazwa katika nyumba ya "bunda" fulani bila ridhaa yake, akamjeruhi huyo "husbunda", na "husbunda" akamuua. Ugomvi ukasambaa mji mzima, watu wakafa pande zote mbili, na kukataa kwa Godwin, mkuu wa Wessex, kuuadhibu mji wa Dover kulichangia kufukuzwa kwake nchini mwaka uleule. Soma tena sentensi ile ya mwandishi. Anaanza na nyumba ya "bunda", kisha katika pumzi ileile anamwita mtu huyo "husbunda". Hatuambiwi lolote kuhusu mke wake, wala kama alikuwa naye. Anaitwa "husbunda" kwa sababu moja tu, kwamba nyumba ni yake na ana haki ya kumzuia mtu mlangoni. Kwa Kiswahili cha mtaani tungesema "baba mwenye nyumba", na tungekuwa tumeipata maana karibu kabisa.

Tunaweza hata kuiona maana ya ndoa ikianza kuchipua kutoka katika maana ya makazi. Cnut, mfalme Mdenmark aliyetawala Uingereza kuanzia 1016 hadi 1035, alitoa sheria zilizoandikwa kwa Kiingereza cha Kale, na aliyeziandaa alikuwa Wulfstan, Askofu Mkuu wa York. Kifungu kimoja kinasema kwamba pale "bunda" alipoishi bila kudaiwa wala kushtakiwa, mke na watoto waendelee kukaa papo hapo bila kusumbuliwa. Kingine kinahusu mali ya wizi iliyokutwa nyumbani: mke hana hatia isipokuwa mali hiyo imewekwa mahali anapopafunga kwa funguo zake mwenyewe, yaani ghala, sanduku na kasha, kwa sababu hakuna mke awezaye kumkataza "bonda" wake asiingize ndani ya kibanda chake chochote anachotaka; "bonda" ni umbo jingine la "bunda". Katika vifungu hivi neno bado ni la mwenye makazi, lakini tayari limekaa ubavuni mwa neno "mke", na sheria inasema "bonda wake". Kutoka hapo hadi kwenye maana ya leo ni hatua fupi. Mwanamume mwenye nyumba yake kwa kawaida alikuwa ameoa, na mwanamke alimtaja mumewe kwa cheo chake katika nyumba. Kufikia karne ya 13 maana ya mume, hata yule asiye na nyumba wala kiwanja, imesimama wazi katika maandishi ya Kiingereza.

Kwani kabla ya hapo Waingereza hawakuwa na neno la mume? Walikuwa nalo, na ndipo Kiswahili kinapotusaidia kuelewa. Sisi tuna "mume" na "mke", maneno yaliyojengwa juu ya mizizi ya jinsia, "-ume" na "-ke", ileile tunayoikuta katika "mwanamume" na "mwanamke". Kiingereza cha Kale kilikuwa hivyohivyo: "wer" alikuwa mwanamume na mume, "wīf" alikuwa mwanamke na mke. Jozi ilikuwa sawasawa. "Wīf" limeishi hadi leo kama "wife", lakini "wer" limekufa likabaki mabaki tu, hasa ndani ya maneno mawili ambatani: "werewolf", mtu-mbwamwitu, na "world", dunia, ambalo asili yake ni "weorold", enzi ya wanadamu. Pengo la "wer" likazibwa na neno la kigeni lililokuwa jina la cheo. Kwa hiyo Kiingereza cha leo kina jozi isiyolingana, mke anayeitwa kwa jinsia yake na mume anayeitwa kwa nyumba yake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo palipo na somo la kihistoria kuhusu jamii ile, na ni zito kuliko lile la mkanda.

Maana ya mali haikufa neno lilipoingia katika ndoa; ilijitenga ikaendelea na njia yake. "Husbandry" ni kilimo na ufugaji hadi leo, na ndiyo maana wanafunzi wa mifugo hukutana na "animal husbandry" wakashangaa mume anafanya nini zizini. Kitenzi "to husband" kina maana ya kutumia mali au nguvu kwa uangalifu, bila kuzitapanya. Mwaka 1413 sheria ya Uingereza ilitaka hati za mashtaka ya aina fulani zitaje cheo au kazi ya mshtakiwa, na tangu hapo "husbandman" ni cheo kinachojaa katika kumbukumbu za mahakama: mkulima mdogo, chini ya "yeoman", yaani mkulima huru mwenye uwezo zaidi, na juu ya kibarua, awe ameoa au hajaoa. Wewe uliye mtu wa kanisani utaikumbuka Injili ya Yohana 15:1. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inamfanya Yesu aseme kwamba Baba yake ni "husbandman", na Biblia ya Kiswahili ya Union inasema, "na Baba yangu ndiye mkulima." Msomaji wa leo wa Kiingereza huweza kusitasita hapo akidhani pana habari ya ndoa. Msomaji wa Kiswahili hasiti, kwa kuwa tafsiri yetu imetoa maana iliyokusudiwa.

Kuna tawi la historia hii lisilopendeza, na sitalificha kwa sababu linahusu vifungo kweli, ingawa si vile vya kijitabu. Huko Skandinavia "bóndi" ameendelea kuwa mtu huru na mwenye heshima. Wadenmark, Wanorwe na Waswidi humwita mkulima "bonde" hadi leo, na kwa Waiceland "bóndi" bado ni mkulima na pia mume wa mtu. Wana hata siku yake, "bóndadagur", inayoangukia Ijumaa mojawapo katika nusu ya pili ya Januari, ambapo wake huwaandalia waume wao chakula kizuri. Uingereza mambo yaligeuka. Baada ya Wanormani, watu wa Normandi huko Ufaransa, kuiteka nchi mwaka 1066, wakulima wengi waliokuwa huru walishushwa chini ya mabwana wapya, wakawajibika kuwafanyia kazi na wakakatazwa kuhama. Jina lao la "bonde" lilishuka nao, likawa jina la mtwana wa shamba, na hali yake ikaitwa "bondage". Kwa kuwa "bond" lingine, lile la kufunga, lilikuwa karibu na kwa kuwa watu hao kweli walikuwa wamefungwa na ardhi, maneno hayo mawili yaliungana katika fikra za watu, na leo karibu kila Mwingereza anaamini kwamba "bondage" ni mtoto wa "bind". Sivyo. Ni mtoto wa "bóndi" aliyepoteza uhuru wake. Neno lile lile, ndani ya nyumba likapanda hadi kuwa mume, na nje shambani likashuka hadi kuwa mtumwa.

Mzizi wa "búa" una jamaa wengine wengi, nami nitataja wachache tu wanaokugusa. "Neighbour" katika Kiingereza cha Kale ni "nēahgebūr", mkaaji wa karibu, nalo ni neno ambatani la Kigermaniki lisilohitaji Wavikingi. Wajerumani wana "Nachbar" lililojengwa kwa vipande vilevile. "Bauer" kwa Kijerumani ni mkulima, na kwa Kiholanzi ni "boer". Hilo la mwisho limefika kwetu. Wazungu wa Afrika Kusini wenye asili ya Kiholanzi walijiita Boer, yaani wakulima. Baada ya vita vyao na Waingereza vilivyokwisha mwaka 1902 baadhi yao walihamia kaskazini, wengine wakaweka mashamba pande za Meru na Arusha wakati wa utawala wa Kijerumani, na mwaka 1908 msafara mkubwa ulifika Uasin Gishu nchini Kenya, mahali ulipokuja kukua mji wa Eldoret. Kiswahili kikawaita makaburu. Kwa hiyo kaburu na "husband" ni binamu, jambo ambalo sikushauri ulitaje katika semina ya wachumba.

Limebaki lile la "wife" na ufumaji. Si kweli pia, ingawa limerudiwarudiwa katika vitabu vingi. "Wīf" na kitenzi cha kufuma, "wefan", vinafanana kwa mbali katika maandishi, lakini wataalamu wa lugha za Kigermaniki hawavichukui kuwa vya mzizi mmoja. Asili ya "wīf" bado inabishaniwa. Lililo hakika ni kwamba maana yake ya kwanza ni mwanamke, awe na mume au asiwe naye. Maana hiyo imehifadhiwa ndani ya "midwife", mkunga, ambalo ni "mid", pamoja na, likiungana na "wīf": mwanamke aliye pamoja na mzazi.

Na kama unataka neno la kuliweka karibu na "husband" kwenye ubao wako, liko "hūswīf", mwanamke wa nyumba, ambalo lilijengwa katika Kiingereza cha kati kwa mfano uleule. Irabu yake nayo ilifupishwa, likatamkwa "hazif", likawa pia jina la kifuko cha sindano na nyuzi walichobeba mabaharia na askari, kisha likafupishwa zaidi likawa "hussy", na kufikia karne ya 17 lilikuwa limekwisha kuwa tusi kwa mwanamke. Waingereza walipolihitaji tena neno la heshima walilijenga upya kwa vipande vyake, "house" na "wife", wakalitamka kwa irabu kamili, na hilo ndilo "housewife" la leo. "Husband" halikujengwa upya, kwa kuwa halikuwahi kuchafuka, na kwa kuwa wakati huo wengi hawakuwa wakiisikia tena nyumba ndani yake.